Waja leo waondoka leo: treni ya Galle ilivyotutia adabu

Sisi watu wa Tanga mgeni akija asubuhi akaaga jioni tunamtania, waja leo waondoka leo, kwani huko unakokimbilia umeacha nini jikoni? Nimewatania watu wengi sana kwa msemo huo. Siku uliponirudia mwenyewe ilikuwa 2018, kwenye stesheni ya mji unaitwa Galle kusini mwa Sri Lanka, nimesimama na mfuko wa mdalasini mkononi, treni ya kurudi imeshaondoka, na pembeni yangu yuko Mjomba ananiambia tulia binti yangu, mambo ya reli niachie mimi.

Nianze mwanzo basi. Mi ni mfanyabiashara wa viungo, nanunua mdalasini na iliki na pilipili manga kwa wakulima wa huko juu Amani na vijiji vya Muheza nashusha Tanga mjini. Mwaka huo tukapata nafasi watu sita tukapelekwa Colombo wiki mbili kuona wenzetu wanavyomenya mdalasini, maana sisi huku, tusidanganyane, tunabandua gome nene kama la kuezekea banda, tunaanika, tunapima kilo, basi. Wenzetu wanakata matawi machanga, wanakwangua ngozi ya juu, wanasugua kwa kifimbo cha shaba mpaka gome lilegee, halafu wanalibandua jembamba kama karatasi na kuchomeka moja ndani ya jingine mpaka linatoka fimbo la inchi 42 zima. Ile nyembamba kabisa isiyozidi milimita 6 inaitwa Alba na bei yake usiulize. Siku ya kwanza nilikata kidole. Haya tuyaache, nina habari ya treni.

Mjomba si mjomba wangu wa damu. Ni mkulima wa Muheza, rika la marehemu baba, na ujanani alikuwa kibarua wa reli pale Tanga, kazi yake kupanga mabehewa yadini. Ukikaa naye dakika tano utaambiwa reli ya Tanga ndiyo ya kwanza nchi hii, Mjerumani kaanza kuijenga 1893, kafika nayo Moshi 1911, na Dar walikuwa bado wanatembea kwa miguu (hapo anaongeza chumvi lakini nani atambishia). Mi nimekua Tanga treni ya abiria naisikia kama hadithi ya majini tu, kwa hiyo Jumapili moja tulipokosa darasa wenzetu wakaenda madukani, yeye akasema kuna mji wa ukuta uko baharini treni inafika mpaka mlangoni tunaenda asubuhi tunarudi jioni, sikufikiria mara mbili.

Stesheni ya kuondokea Colombo inaitwa Fort, ngome, ila ngome yenyewe wameshaibomoa zamani. Tukakata tiketi daraja la tatu, haikufika hata bei ya chips mayai, na ilikuwa ile tiketi ya kadi ngumu ndogo. Mjomba aliishika akainusa. Wallahi aliinusa. Akasema hizi ndo tiketi zetu zile, na nikaona macho yamemjaa maji kidogo nikajifanya natafuta choo. Halafu akachuchumaa ukingoni mwa plathfomu kupima reli kwa macho, akatangaza kwamba hii ni pana kuliko yetu, na kweli, yetu ni mita moja kamili, yao milimita 1,676, behewa linakaa kama sebule. Watu wanatuangalia, mimi nimevaa baibui na buti za darasani, yeye na kofia yake ya vito kachuchumaa anapima reli.

Kama utaenda, kaa kulia, bahari iko kulia njia nzima kwenda Galle. Na usihangaike na siti ukikosa, mlango uko wazi, kaa mlangoni miguu ndani. Sijawahi kuona reli imekaa karibu na maji namna ile, haijapita hata nusu saa unaona wimbi linapiga mawe chini yako na upepo unakuletea chumvi mdomoni. Wachuuzi wanapita na makapu wanaita wadei wadei, ni bajia za dengu ila juu wameibandika kamba mzima na ndevu zake, inafungwa kwenye karatasi la daftari la mtoto wa shule, yangu ilikuwa na hesabu za kugawanya na mwalimu kaweka mkasi. Mjomba alikula sita. Alama za reli zile za mkono unaopanda na kushuka alikuwa anazisoma kwa sauti, sasa njia safi, sasa tunasubiri mwenzetu apite, na kila alichosema kikawa, nami nikazidi kumuamini. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia, sema wakati ule nilikuwa nafurahi tu.

Tulipopita Ambalangoda, kabla ya Hikkaduwa, behewa likanyamaza kidogo. Mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu Colombo akanigusa bega akaonyesha nje, akasema Peraliya. Nikadhani ndo anaposhuka. Akaeleza taratibu kwa kiingereza chake na mimi changu. Tarehe 26 Desemba 2004, nayo ilikuwa Jumapili kama leo yetu, treni ya njia hii hii ilisimamishwa hapo na wimbi la kwanza la tsunami, watu wa kijijini wakakimbilia kwenye treni, wengine wakapanda juu ya mabehewa na wengine wakajificha nyuma yake, maana nini kitasukuma treni, halafu likaja wimbi la pili kubwa kuliko lile likaibeba yote. Walikufa zaidi ya watu elfu moja. Mjomba aliyekuwa anatafuna akaacha. Mi siku ile ya 2004 nakumbuka tulisikia kwenye redio kwamba hata Dar kuna watu wamekufa ufukweni, tukasema Mungu awarehemu tukaendelea na pilau. Mzee yule hakusema kama alipoteza mtu, na sikuuliza. Alishuka Hikkaduwa akatupungia mkono.

Galle yenyewe sasa. Ukitoka stesheni unatembea kama dakika kumi, kushoto na kulia mji wa kawaida, stendi ya mabasi, kelele, uwanja wa kriketi, halafu mbele yako ukuta umesimama kama umechorwa. Mreno ndiye aliyeanza kujenga ngome pale, 1588, Mholanzi akamnyang'anya mji 1640 na ndiye aliyeuzungushia ukuta huu wa mawe, Mwingereza akaja kuchukua 1796. Mlango mkubwa wanaopita magari ni wa Mwingereza, kautoboa 1873. Sisi tulienda kwenye ule wa zamani, na hapo nakushauri usiingie ukapita tu kama unaingia sokoni. Kwa nje kuna nembo ya Mwingereza. Ukishaingia geuka nyuma utazame juu, kwa ndani kuna herufi VOC za ile kampuni ya Waholanzi, simba wawili, mwaka 1669, na jogoo. Jogoo! Ndiyo alama ya mji, wanasema jina lenyewe Galle kwa Mreno lilisikika kama jogoo kwa lugha yao. Mjomba akasema kwa hiyo hawa walikuja kutawala kwa neno walilosikia vibaya.

Na unajua juu ya mlango huo kuna nini? Godauni. Godauni refu la Waholanzi, kuta nene, ndimo walimokuwa wanaweka mali za biashara, mdalasini ukiwemo, sasa hivi wameligeuza makumbusho ya mambo ya bahari. Nilisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote siku ile. Nimezoea kufikiria mdalasini ni gunia na mizani na dalali mwenye maneno mengi, sikuwahi kufikiria kwamba watu wamevuka bahari wakajenga ukuta kwa ajili ya gome la mti. Zama za Mholanzi kampuni ilikuwa imehodhi biashara yote, ukikutwa umeharibu mti au unauza kwa magendo adhabu yake haikuwa ya mchezo, na wamenyaji walikuwa wanalazimishwa. Mjomba, ambaye siku zote anagombana na mimi kuhusu bei, akaniangalia akasema binti yangu, leo nimejua dalali wa kwanza alivyokuwa, halafu akacheka peke yake.

Wareno hawa hawa ndio waliopita kwetu. Tongoni, pale kusini ya Tanga njia ya Pangani, meli moja ya Vasco da Gama ilichomwa moto kwenye mafungu ya jirani 1499 kwa sababu mabaharia hawakutosha, na miaka michache tu baadaye, 1505, wakawa wameshafika huko Sri Lanka. Tongoni tunayo magofu ya msikiti na makaburi ya zamani yenye nakshi, nimepelekwa shuleni nikiwa darasa la tano na nilichokumbuka ni soda. Tofauti niliyoiona Galle ni kwamba ndani ya ukuta watu wanaishi. Kuna nguo zimeanikwa, kuna mtoto analia hataki kuoga, mahakama wanasheria wanapita na makoti meusi kwenye kile kivuli cha miti mikubwa hadi watu wanakuonyesha, huyu wakili mzuri huyu mwizi. Mahoteli yameshaingia mengi na nyumba nyingi zimeuzwa, hilo nalo waliniambia kwa sauti ya chini.

Mtaa uliomkonga Mjomba roho unaitwa Leyn Baan. Tuliambiwa kwa Kiholanzi ni mtaa wa kusokotea kamba, pale walikuwa wananyoosha kamba za meli. Mtu wa mkoa wa mkonge umwambie hivyo! Akapima mtaa kwa hatua toka mwanzo hadi mwisho akapiga hesabu kamba ya urefu gani ingetoka, akamkamata muuza duka kumueleza habari za singa na brashi na korona, yaani nyuzi za mkonge na mashine zake, muuza duka anatikisa kichwa tu. Wao kule kutikisa kichwa kushoto kulia ndiyo kukubali, sasa Mjomba akadhani anabishiwa akaanza upya.

Adhuhuri ikatukuta karibu na mnara wa taa, ule mweupe wa 1939. Mbele yake kuna jengo jeupe lenye minara miwili, nikasema Mjomba hili kanisa zuri, akasema soma maandishi, kumbe msikiti, umejengwa kwa sura ya kanisa kabisa. Mule ndani ya ngome kuna Waislamu wengi wa tangu zamani, damu ya wafanyabiashara wa kiarabu, tukatoa salamu tukajibiwa na mlango ukafunguka. Yeye akaingia, mimi nikabaki nje kwenye baraza ya nyumba jirani, maana bi kizee mmoja alinivuta mkono bila kuuliza. Baraza kama za kwetu, nguzo mbili na kiti cha kamba. Akaniletea chai ya rangi na kitu ambacho nilipokiona nilicheka kwa nguvu, vibibi! Unga wa mchele na tui la nazi, ila wao wanavipika kwenye kikaango chenye shimo vinatoka kama bakuli, katikati unatia sambal ya nazi yenye pilipili inayokuunguza mpaka masikioni. Hatukuwa na lugha. Nikamuonyesha mikono, kwetu vibibi bapa, akaonyesha mkono, bapa si kitu. Nikamwambia tsunami, neno hilo halina tafsiri, akaashiria nje ya ukuta mkono juu ya kichwa chake, halafu akageukia ukuta ulioko mbele ya nyumba yake akaupigapiga hewani kwa kiganja vile mtu anavyompigapiga ng'ombe wake mgongoni. Mji wa nje, stendi na uwanja na zile barabara tulizopita asubuhi, ulisombwa. Wa ndani uliponea kwenye mawe ya Mholanzi.

Mjomba akatoka anacheka mwenyewe. Alisimama safuni akaelekea kaskazini, miaka sitini na kitu anaswali Tanga na kibla ya Tanga ni kaskazini, mwili umezoea, kijana wa pembeni akamshika mabega akamgeuza taratibu kama anageuza kabati. Kule Makka iko magharibi, baharini, jua linakozama. Akasema unaona binti yangu, mtu mzima nageuzwa. Nikaiweka akilini ile bila kujua itanifaa jioni.

Alasiri tuliizunguka ngome kwa juu ya ukuta, unatembea kama barabara, huku bahari huku mapaa. Kofia na maji chukua, hakuna kivuli hata cha dawa. Vijana wanacheza kriketi, wengine wanarusha tiara, na kwenye vibaraza vya ukuta kuna wapenzi wamekaa wawili wawili kila jozi na mwavuli wake wamejifunika, Mjomba akawa anapita kila mwavuli anatazama baharini kwa bidii. Upande wa Flag Rock kuna vijana wanajirusha toka juu ya ukuta mpaka kwenye maji katikati ya miamba, wanataka hela kwanza. Mjomba akatoa hela akamwambia hii chukua na usiruke. Yule kijana alichanganyikiwa mpaka huruma.

Haya, stesheni. Tulikuwa na treni yetu ya jioni, tumefika mapema, Mjomba kasisitiza tufike mapema. Plathfomu imejaa watu. Ikaingia treni kutoka Colombo, watu wakashuka, tukaona injini inafunguliwa, inazunguka njia ya pembeni, inakuja kufungwa upande wa pili, ule tulioingilia asubuhi. Mjomba akanishika mkono, twende. Nikamuuliza tuulize? Akasema binti yangu, injini ikizungushwa maana yake inarudi ilikotoka, hiyo nimeifanya Tanga kwa mikono yangu.

Na Tanga ni kweli. Reli ya Tanga inaishia pale, hakuna mbele, ukizungusha injini huna pa kwenda isipokuwa kurudi. Galle nayo stesheni ni kichochoro, treni inaingia haipiti. Ila kumbe reli haiishii pale! Wakati ule ilikuwa inaendelea mpaka Matara, na treni ya kwenda Matara lazima iingie, izungushe injini, itoke kwa mlango ule ule inaotokea ya Colombo, halafu njia zinaachana huko mbele. Zote zinatoka pua imeelekea upande mmoja. Sasa jiulize, watu wote wale plathfomu, mbona hawakupanda? Nililiona hilo. Tumepata siti mbili za dirishani Jumapili jioni na watu mia wamesimama nje wanatutazama, nililiona nikanyamaza, kwa sababu tangu asubuhi kila alichosema kuhusu reli kilikuwa kweli na nikaona aibu kumuuliza mtu mzima mara ya pili. Mjomba alikosea kwa sababu ana ujuzi. Mimi ujuzi sina ila macho ninayo, na nikayafumba.

Treni ikaondoka, nikasinzia. Nikashtuka nikaona kitu hakijakaa sawa na sijui nini. Bahari ilitakiwa iwe kushoto, kushoto kuna migomba. Halafu nikaliona jua, linatupiga kisogoni. Nikamwambia Mjomba, jua linazama kibla, sivyo? Akasema ndivyo. Nikamwambia na Colombo unakwenda kibla iko kushoto kwako, sasa mbona sisi tumeipa kibla mgongo? Akatazama dirisha. Akatazama dirisha lingine. Akavua kofia akaikunja magotini. Kulikuwa na mama ana fenesi kubwa kwenye siti kama mtoto, nikamuuliza Colombo? Akacheka mpaka fenesi likaanguka, akasema Matara, Matara, akatuonyesha kwa vidole tushuke kinachofuata.

Tukashuka Unawatuna, kituo kidogo. Bajaji tukaipata, dereva akataja bei, Mjomba ambaye hajawahi kukubali bei ya kwanza maishani akapanda kimya. Tulifika Galle treni yetu imeshaondoka na lile nyomi lote. Ndo hapo niliposimama na mfuko wangu, na yeye ananiambia nimuachie mambo ya reli, nikamjibu vibaya, nilimuomba radhi baadaye. Safari hii niliuliza. Nilimuuliza mlinzi, nikamuuliza mwanafunzi, nikamuuliza sista mmoja wa kikatoliki, wote wakasema hii, na bado nilipopanda nikamuuliza aliyekaa chini mlangoni. Tulisimama mpaka karibu na Colombo, mguu mmoja wangu mwingine wa mtu, giza nje, bahari unaisikia tu. Mjomba alipata kona akaegemea, hakusoma alama hata moja.

Mwezi huo tuliporudi nikamsikia barazani kwake Muheza anawasimulia wenzake Galle, godauni, kamba, kibla, jogoo, na alipofika kwenye treni ya Matara akasema binti alisinzia akatupitiliza. Nikanywa kahawa yangu nikanyamaza, mkubwa ni mkubwa.

Desemba ya 2019 treni ya abiria ya Dar kwenda Moshi iliporudishwa ikawa inapita Korogwe, akanipigia simu niende naye, hasafiri, anataka kuiona tu. Tukafika, imesimama, watu wanapiga picha. Mjomba akaitazama injini, akatazama behewa la mwisho, akaitazama tena injini, halafu akamsogelea kijana mmoja aliyebeba kuku akamuuliza, samahani mwanangu, hii inakwenda wapi? Akajibiwa. Akasogea akamuuliza na wa pili.